Master of Magic: gemu isiyo na mizani, na hapo ndipo utamu wake ulipo

Kabla hujaona hata mraba mmoja wa ramani, Master of Magic inakukabidhi pointi 11 na kukuacha ujiharibie mwenyewe. Pointi hizo zinanunua vitabu vya uchawi na vipaji vya mchawi utakayemwongoza, na ukishathibitisha hakuna kurudi nyuma. Ukizigawa kwa akili, utakuwa na jeshi lisilozuilika mapema tu. Ukizigawa ovyo, pointi zilezile 11 zitakupa mchawi anayehangaika na mana (nishati ya kurogea) hadi siku anapofutwa kwenye ramani. Hakuna aliyejisumbua kuhakikisha kwamba njia zote zina uzito sawa. Watengenezaji wa siku hizi wangeiona kasoro, wangeinyoosha kiraka baada ya kiraka mpaka kila kitu kifanane. Hapa iliachwa, na ndiyo inayofanya gemu ya mwaka 1994 iendelee kuchezwa mpaka leo.

Kwa asiyeijua: ilitengenezwa na Simtex, studio ya Steve Barcia iliyotoa Master of Orion mwaka mmoja kabla, ikauzwa na MicroProse. Unacheza kama mchawi anayetaka kuitawala dunia, na wapinzani wako, hadi wanne, wanataka hivyohivyo. Dunia yenyewe ni mbili: Arcanus na Myrror, kila moja ina ramani ya miraba 60 kwa 40, zinaunganishwa na minara ambayo huwezi kuitumia kabla ya kuwaua wanaoilinda. Unajenga miji, unatoa askari, unatafiti uchawi, unaajiri mashujaa, unavamia. Ushindi unapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwafuta wapinzani wote. Ya pili ni kutafiti kisha kuroga uchawi uitwao Spell of Mastery, ambao unakula mana 5,000, na ukianza tu kuuroga wachawi wote waliobaki wanakugeukia kwa pamoja. Majeshi yakikutana, skrini inahamia uwanja mdogo wa vita ambako unaongoza kikosi kimoja kimoja, na pambano likifika zamu 50 linakatwa. Iweke akilini hiyo 50, tutaihitaji mbele.

Kuna jamii 14 za kuchagua. Tisa ni za Arcanus na tano ni za Myrror, na hizo tano hupewi mpaka ulipe pointi 3 kununua kipaji cha Myrran. Tofauti kati yao si za rangi tu. Kila elfu moja ya watu wa Dark Elf wanazalisha nguvu ya uchawi hata kama hujajenga hekalu lolote. Wafanyakazi wa Klackon wanajenga haraka kupita karibu kila mtu, ila ukiwachanganya na raia wa jamii nyingine katika himaya moja, fujo inaongezeka. Askari wa Draconian wanaruka. Wa Lizardmen wanavuka bahari bila meli, na kwenye ramani ya visiwa vingi hiyo peke yake inatosha kukupa mabara mawili kabla wengine hawajajenga bandari. Troll aliyejeruhiwa anapona mwenyewe katikati ya vita.

Turudi kwenye zile pointi 11. Vitabu vina rangi tano: Life ni vyeupe, Death vyeusi, Chaos vyekundu, Nature vya kijani, Sorcery vya bluu. Life na Death havikai kwa mchawi mmoja. Kila rangi ina aina 40 za uchawi, kumi kumi katika madaraja manne, kuanzia wa kawaida hadi ule adimu kabisa. Jumlisha na 14 za Arcane ambazo hazidai kitabu, unapata 214. Kila kitabu unachonunua kinakupanulia orodha ya unachoweza kujifunza, na pia kinakupa pointi 2 za ujuzi wa kuroga mwanzoni. Ujuzi ndio unaoamua ni mana kiasi gani unaweza kutumia kwa zamu moja, kwa hiyo mchawi mwenye vitabu 4 na vipaji kibao anaanza akiwa bubu, hata ghala lake la mana likiwa limejaa.

Wengi wanaoanza hununua vitabu 11 vya rangi moja kwa sababu inaonekana ndivyo mchawi wa kweli anavyotakiwa kuwa. Si kosa la kufa, lakini uchawi mkubwa unaokutamanisha unachukua muda mrefu kuutafiti, na wakati huo miji yako inalindwa na watu wenye mikuki. Mgawanyo tunaoupendekeza kwa anayeanza ni huu: vitabu 8 vya Life, Warlord kwa pointi 2, Alchemy kwa pointi 1, na jamii ya Halfling. Warlord inawapandisha askari wako wote ngazi moja ya uzoefu. Alchemy inakuwezesha kubadilisha dhahabu na mana moja kwa moja (asiye na kipaji hiki anapoteza nusu kila anapobadilisha), na juu ya hapo askari wako wanatoka kambini wakiwa na silaha za kichawi. Halfling, wafupi wasiotisha, mkulima wao analima chakula 3 pale wa jamii nyingine wanapolima 2. Na wana Slingers, warusha mawe, ambao bila wao ushauri huu wote haungekuwa na maana.

Kuelewa kwa nini, inabidi tufungue mashine ya vita kidogo. Kila pointi ya shambulio ni kete moja yenye nafasi ya asilimia 30 ya kupata pigo. Kila ngao ya anayeshambuliwa ni kete nyingine, asilimia 30 ya kuzuia pigo moja. Hesabu hiyo inafanywa kwa kila askari aliyemo ndani ya kikosi, mmoja mmoja, siyo kwa kikosi kizima kwa jumla. Kikosi cha Slingers kina askari 8. Kila mmoja ana shambulio la pointi 2 tu, na bahati ya jamii yao inawaongezea asilimia 10, kwa hiyo kila kete inagonga kwa asilimia 40. Dhidi ya adui mwenye ngao 2, mawe manane yanaacha wastani wa majeraha karibu 4. Si kitu. Sasa chukulia wamepata pointi 2 za shambulio, na silaha za kichawi zimeongeza asilimia 10 nyingine. Kila askari ana kete 4 zenye nafasi ya asilimia 50, na mawe yaleyale manane yanaacha majeraha karibu 12. Mara tatu, bila kuongeza mtu hata mmoja. Nyongeza ya pointi 1 kwa shujaa mmoja ni kete 1. Kwa Slingers ni kete 8. Ndiyo maana uchawi wa Life kama Heroism, unaompandisha kurutu hadi ngazi ya Elite papo hapo, una thamani tofauti kabisa kulingana na unayemwekea. Kumpa Heroism kikosi cha watu wawili ni kutupa mana.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia wapi wanakwama. Kwa sababu kila jiwe linazuiwa peke yake, adui mwenye ngao nyingi anazima mawe dhaifu yote, na kikosi kisicho na ngazi kitamaliza mawe yake 6 bila kumkwaruza. Na kila askari wao ana uhai wa pointi 1. Uchawi unaopiga jeshi zima kwa mkupuo, kama Flame Strike wa Chaos, unaweza kuacha uwanja mtupu. Dhidi ya mchawi wa vitabu vyekundu, usipeleke vikosi tisa vya Slingers peke yao (tisa ndiyo idadi ya juu kwa msafara mmoja). Changanya.

Upande wa pili wa mizani hiyo iliyopinda wapo Warlocks wa Dark Elf. Kila kikosi kinaweza kurusha Doom Bolt moja kwa vita, na Doom Bolt ni majeraha 10 kamili yasiyojali ngao. Vikosi tisa ni majeraha 90 katika zamu ya kwanza. Ukiacha wenye kinga dhidi ya uchawi, ni viumbe wachache wanaosimama mbele ya hesabu hiyo. Gharama yake iko kwingine: pointi 3 za Myrran, jamii inayozaana polepole, na mlolongo mrefu wa majengo kabla Warlock wa kwanza hajatoka. Anayekufikia mapema atakukuta bado unajenga.

Kinachoitofautisha gemu hii na nyingi zilizokuja baada yake ni kwamba uchawi wake haubadilishi namba tu, unabadilisha sheria zenyewe. Web unamshusha chini anayeruka. Time Stop wa Sorcery unaisimamisha dunia nzima, wewe peke yako unaendelea kucheza zamu baada ya zamu, mradi uwe na mana 200 za kulipia kila zamu. Armageddon unageuza ardhi ya wenzako kuwa volkano. Kuna unaomwondoa adui uwanjani, unaofuta uchawi wa kudumu, unaohamisha jeshi lako kutoka dunia moja hadi nyingine. Kwa kuwa kila kimoja kinavunja sheria yake, ukiviunganisha unapata mambo ambayo pengine hata waliovitengeneza hawakuyapanga.

Mfano maarufu ni manowari inayoruka. Warship ni meli ya vita yenye makombora 99. Kwa kawaida inabaki baharini, na huko haina maana kubwa kwa sababu vita vingi viko nchi kavu. Iwekee Flight, inapaa na kuvuka milima. Iwekee na Invisibility, mpiga mishale haoni cha kulenga. Sasa rudisha akili kwenye zile zamu 50: makombora 99 hayawezi kuisha kabla ya pambano kukatwa. Mji usio na kikosi kinachoruka wala kinachoona visivyoonekana hauna la kufanya zaidi ya kupigwa. Wapo wanaosema ni wizi na hawaigusi. Sisi tunaona ni zawadi kwa aliyesoma vizuri, ila ukishaitumia mara moja mchezo wa mwishoni unakosa msisimko.

Zamu 50 zinafanya kazi pia mwanzoni mwa mchezo, kwa mchawi wa Nature. Sprites ni viumbe wadogo warukao, wanarusha uchawi kutoka mbali, na wanagharimu mana 100 kuwaita. Mapango mengi yanalindwa na wanyama wasioruka na wasiorusha chochote. Wapeleke Sprites, warushe mpaka waishiwe, kisha bonyeza kumaliza zamu hadi pambano likatike. Wanyama waliokufa hawarudi. Zamu chache baadaye unarudi kumalizia waliobaki. Hazina za mapangoni ni dhahabu, mana, vifaa vya mashujaa, na katika mapango magumu hata kitabu kipya au kipaji, yaani zile pointi za mwanzo ulizodhani zimeshafungwa. Kabla ya kuingia, gemu inakuonyesha aina ya kiumbe unachokwenda kukutana nacho na kukuuliza kama unaendelea. Soma hicho kiumbe, kwa sababu kinaweza kuwa na wenzake ambao hawakutajwa.

Habari ya uchumi tuipitie kwa ufupi, kwa sababu haina ubunifu mwingi lakini ndipo wengi wanapofia. Mji mkuu unaanza na watu elfu 4, kikosi kimoja cha mikuki na kimoja cha mapanga. Toa walowezi mapema, ukijua kila msafara wa walowezi unapunguza elfu moja kwenye mji ulioutoa. Miji haiwezi kukaribiana sana: miraba 3 ndiyo mpaka. Bonyeza F1 upate Surveyor, kisha pitisha kipanya juu ya ramani. Itakuonyesha mji ukijengwa hapo utabeba watu wangapi, ukomo wa juu ukiwa elfu 25. Mahali panapobeba elfu 6 usipaguse labda kama pana madini. Jenga ghala la chakula kwanza, kisha soko, kisha soko la wakulima, ndipo ufikirie majengo ya kijeshi. Ukitaka kununua jengo kwa dhahabu, usinunue zamu ileile ulipoliagiza. Bei ya kitu ambacho hakijaanza kabisa ni ya juu kuliko zote. Kikishajengwa zamu moja, inashuka.

Kodi ina ngazi, kuanzia bila kodi hadi dhahabu 3 kwa kila elfu ya watu, na kila ngazi inazalisha wagomaji. Kwa dhahabu 1, asilimia 20 ya mji wanagoma. Kwa dhahabu 2 ni asilimia 45, karibu nusu ya watu wako wamekaa bure. Kila vikosi viwili vya askari wa kawaida mjini vinamtuliza mgomaji mmoja, kwa hiyo vikosi vya mikuki ambavyo havifai vitani vina kazi nzuri nyumbani. Viumbe ulivyoviita kwa uchawi havihesabiki katika kutuliza. Chakula kinachozidi kinauzwa chenyewe, vipimo viwili kwa dhahabu moja. Kikipungua, vikosi vinaanza kuvunjika bila kukuuliza ungependa kuanza na kipi.

Mana nayo ina mtego wake. Nguvu yote ya uchawi unayozalisha inagawanywa na fimbo tatu: mana, utafiti, ujuzi. Gemu inaanza zikiwa sawa, na ziachwe hivyo na mtu asiyetaka kushinda. Mwanzoni weka zaidi kwenye mana na utafiti. Ukishakuwa na chanzo cha kudumu, hamishia sehemu kubwa kwenye ujuzi, kwa sababu unapanda polepole na kila pointi inadai zaidi ya iliyotangulia. Viumbe na uchawi wa kudumu vinakula mana kila zamu. Ikifika sifuri, vinatoweka. Na ukiroga ukiwa vitani mbali na ngome yako, mana inayotoka inaweza kufika mara 3 ya bei iliyoandikwa, isipokuwa kama una kipaji cha Channeler. Hapo ndipo vita vya mbali vinapowashinda wengi: wanahesabu bei ya kitabuni, wanasahau umbali.

Chanzo cha kudumu tunachokisema ni chemchemi za nguvu zilizotawanyika kwenye ramani: za Nature, Sorcery na Chaos. Ukishawaua wanaoilinda, ita Magic Spirit kwa mana 30 umpeleke akaungane nayo. Za Myrror zinatoa nguvu maradufu, na ndiyo sababu mpinzani anayeanzia huko hutakiwi kumwacha akue kwa amani. Pambano juu ya chemchemi ni gumu kuliko linavyoonekana: viumbe vya rangi yake vinaongezewa nguvu, na uchawi wa rangi nyingine unaweza kuzimwa kabla haujafanya kazi. Nenda na jeshi linaloweza kushinda bila msaada wako wa kuroga. Ukishaichukua, weka kikosi hapo. Mpinzani naye ana Magic Spirit wake.

Kwa mashujaa ndiko gemu inakogeuka kuwa ya kukuza wahusika. Unaweza kuwa nao sita. Wanakuja wenyewe kadiri sifa yako inavyopanda, au unawaita kwa uchawi wa Arcane. Kila mmoja anabeba vifaa vitatu na anapanda ngazi hadi Demi-God. Vifaa unaweza kuvitengeneza mwenyewe, na hapa pana tundu lingine: vifaa vinavyovunjwa vinarudisha nusu ya thamani yake kama mana, na mchawi aliyenunua vipaji vya Artificer na Runemaster anatengeneza kwa bei iliyo chini ya hapo. Ukitaka kuua mchezo kwa njia hiyo, mlango uko wazi. Shujaa akifa vitani, vifaa vyake anabaki navyo mshindi. Usimpe mmoja vyote vizuri halafu ukamtuma peke yake.

Sasa lawama. Akili ya wapinzani ni dhaifu. Wanatuma misafara ya vikosi viwili vitatu isiyo na lengo, wanaacha miji na walinzi wachache, na mbele ya kitu kinachoruka hawana mpango. Ngazi ya ugumu ya Impossible haiwafanyi wawe werevu, inawapa mali zaidi tu. Diplomasia ni ya kubahatisha: anayefanana nawe vitabu anakupenda mwanzoni, mwenye tabia ya Lawful anashika ahadi, Maniacal usipoteze dhahabu yako kumhonga. Mkataba unaweza kuvunjika kwa sababu msafara wako umepita karibu na mji wake. Biashara ya kubadilishana uchawi ndiyo faida pekee ya maana, na ifanye mapema kabla hawajaanza kukuogopa.

Lawama kubwa zaidi ni sehemu ya mwisho ya mchezo. Ukishakuwa na miji thelathini, kila zamu kuna mitano inayouliza ijenge nini, na yupo Grand Vizier wa kukusaidia, ila anayojenga utatamani usingemruhusu. Ushindi unajulikana zamu mia moja kabla ya kufika. Shika ngome za wachawi badala ya kuhangaika na kila kijiji: ukiteka ngome, mchawi anafukuzwa duniani na analazimika kuroga Spell of Return ili arudi, na kama katika muda huo umechukua miji yake iliyobaki, ameisha.

Kuhusu kuiendesha. Toleo la awali linauzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya GOG na Steam likiwa limefungwa na DOSBox, programu ya kuendeshea gemu za zamani, kwa hiyo laptopu yoyote inayowaka inalitosha. Faili ni dogo, halitaumiza bando, na toleo la GOG halihitaji intaneti tena ukishalipakua. Picha zake ni za 320 kwa 200, vidoti vinaonekana; skrini pana ikizivuta, tumia Alt na Enter kurudi kwenye dirisha dogo. Kipanya kikikwama ndani ya dirisha, Ctrl na F10 zinakiachia. Zamu za wapinzani zikienda kwa kusuasua, Ctrl na F12 zinaongeza kasi. Lugha ni Kiingereza pekee, lakini ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya karibu kitu chochote, maelezo yanafunguka. Nafasi za kuhifadhi mchezo ni 8. Gemu ilipotoka ilikuwa na hitilafu nyingi sana, na kiraka cha 1.31 kilitibu sehemu kubwa tu, kwa hiyo bado inaweza kujifunga yenyewe hata umeme ukiwapo. Hifadhi kila baada ya zamu kumi na usitumie nafasi moja peke yake.

Ukiimaliza mara kadhaa na kuchoshwa na wapinzani wazembe, ipo Caster of Magic for Windows ya mwaka 2020, kazi ya Seravy, mchezaji aliyeanza kwa kuichokonoa gemu ya zamani. Sura ni ileile ya kizamani, lakini wapinzani wanapigana kweli, na mianya mingi tuliyoisifu hapa imezibwa. Inafaa kwa anayetaka mapambano magumu. Kwa anayetaka kuona manowari angani, abaki na ya 1994.

Mwisho ipo iliyoundwa upya na MuHa Games na kutolewa na Slitherine mwezi Desemba 2022. Ramani sasa ni ya pembe sita, picha ni za kisasa, maandishi yanasomeka, na pointi 11 bado zipo. Inahitaji kompyuta yenye nguvu, na mchezo mmoja unakwenda taratibu kuliko wa zamani. Kama una toleo la awali tayari na laptopu ya kawaida, hakuna haraka ya kuinunua. Isubiri ishuke bei. Kwa mchezo wa kwanza kabisa, katika toleo lolote, weka wapinzani wawili badala ya wanne na ugumu wa Normal. Wapinzani wanne kwa anayejifunza ni kelele nyingi za diplomasia na zamu ndefu, na hakuna utakachojifunza kwao ambacho wawili hawatakufundisha.